Picha za ubongo na sisi watu wa Mombasa: maswali ninayoulizwa kila siku

Kazi yangu mimi ni kuvalisha watu kofia ya EEG na kuwasindikiza mpaka mlangoni kwa mashine ya MRI, miaka kadhaa sasa, na maswali ni yaleyale tu, saluni, barazani, kwa grupu za WhatsApp, hata kwa foleni ya feri. Nimechoka kujibu mmoja mmoja basi nimeyaweka hapa. Ukiona jibu linakupeleka swali jingine nenda huko, sitarudia.

## Mambo ya msingi

Kupigwa picha ya ubongo kwa utafiti ndio nini? Si ni kama kupimwa hospitali?

La. Hospitali wapimwa kwa sababu unaumwa na daktari ataka kujua una nini. Kwa utafiti mara nyingi wewe ni mzima wa afya, na picha yako inawekwa pamoja na za wenzako mamia ili ijulikane ubongo hukua vipi kwa watoto, hupungua nini mtu akizeeka, kifafa huanzia wapi, na kadhalika. Kwa hivyo usitarajie kutoka na majibu mkononi kama mtu aliyetoka maabara. Hapa ndipo watu wanapokosana sana, mama wa watu amekaa saa mbili halafu auliza "haya, mmeona nini?" na mtafiti aanza kujikuna kichwa. Ilitakiwa aambiwe kabla hajavua viatu.

Mashine zenyewe ni zipi?

Utakutana na tatu. MRI ni lile bomba kubwa lenye sumaku, walala ndani kama nusu saa mpaka saa nzima, na lina kelele kama jua kali wote wa Kenya wamepewa mabati siku moja (utapewa vya kuziba masikio). EEG ni kofia yenye elektrodi, vidude vidogo vinavyogusa ngozi ya kichwa na kusikiliza umeme wa ubongo, umeme mdogo mno, unapimwa kwa sehemu za milioni za volti. Mjerumani Hans Berger alirekodi EEG ya kwanza ya binadamu mwaka 1924 na mpaka leo wazo ni lilelile, elektrodi iguse ngozi. Kumbuka hilo la kugusa ngozi, tutarudi nalo. Ya tatu yaitwa fNIRS, kofia yenye vijitaa vinavyopitisha mwanga usioonekana kwa macho kuangalia damu inavyobadilika juujuu ya ubongo, hiyo yafaa sana watoto wachanga kwa sababu mtoto aweza kupakatwa na mamake.

Ubongo si ni ubongo? Wa mtu wa Kisauni una tofauti gani na wa mzungu?

Mtu akikwambia ubongo wa Mwafrika ni wa aina nyingine mfukuze, hilo ni swali la zamani na lina historia chafu. Shida iko kwa kipimo na kwa maisha.

Kipimo kwanza. Ili kulinganisha ubongo wa watu wengi lazima uwe na ramani moja ya kuwapimia. Ramani iliyotumika miaka na miaka, ya watafiti wawili, Talairach na Tournoux, ya 1988, ilichorwa kutokana na ubongo wa mwanamke mmoja wa Kifaransa wa miaka 60. Mmoja! Baadaye watu wa Montreal wakatengeneza wastani wa vijana 152 na programu nyingi zinatumia hiyo mpaka sasa. Wachina waliona vichwa vyao haviingii vizuri humo wakajichorea ya kwao. Fundi wa Mwembe Tayari akikushonea kanzu kwa kipimo cha mtu mwingine utaivaa, ndio, lakini mabega yatakwambia.

Halafu maisha. Mwaka 2010 mtafiti Henrich na wenzake wawili waliandika kwamba sayansi ya akili na tabia za watu karibu yote imejengwa juu ya watu wa nchi za Magharibi, wasomi, matajiri, tena wengi wao wanafunzi wa chuo kikuu, halafu wakaitwa "binadamu". Sasa ndani ya hao wanafunzi nani alishapata malaria iliyopanda kichwani? Hakuna. Nenda Malawi uone. Hospitali ya Queen Elizabeth mjini Blantyre ilipata MRI mwaka 2008, timu ya daktari Terrie Taylor ikawapiga picha watoto wenye malaria ya ubongo. Miaka mingi kabla ya hapo watoto hawa walikuwa wanakufa na madaktari wanabishana nini hasa kinachowaua. Matokeo yalitoka 2015: kati ya watoto 168 waliopigwa picha 25 walifariki, na 21 kati ya hao 25 ubongo ulikuwa umevimba vibaya tangu siku ya kulazwa, unavimba mpaka unakandamiza shina la ubongo linaloendesha pumzi, mtoto aacha kupumua. Jibu hilo lisingepatikana London hata kwa mashine mia, wagonjwa hawako London.

Lakini si watu wa huku wenyewe ndio wanaokataa?

Hili naulizwa sana na watafiti wenyewe, na jibu langu huwaudhi. Wako wanaokataa na ni haki yao. Lakini wengi tunaoambiwa "hawafikiki" walifika, wakakuta mlango umefungwa. Mtu wa Likoni wampa miadi ya saa moja asubuhi akwama kwa feri, afika saa mbili na nusu nafasi yake imepewa mwingine. Watoto watafiti wanawataka Jumamosi asubuhi kwa sababu hakuna shule, na kila mtu hapa ajua Jumamosi asubuhi mtoto yuko chuoni, madrasa, anasoma juzuu. Fomu ya Kiingereza kurasa kumi na mbili. Halafu nywele, na hizo nimezipa sehemu yake nzima hapa chini.

Lugha itakuwa gani?

Uliza kabla, una haki. Tafsiri ikiwa ya Kiswahili cha vitabuni bibi wa Mji wa Kale ataelewa nusu, na bibi wa Kigiriama kutoka ndani huko Kaloleni hata hiyo nusu hana. Tena maneno ndiyo rahisi kurekebisha. Niliwahi kuona mtihani wa kumbukumbu wenye picha ya mtoto anatengeneza mtu wa theluji. Mtoto wa Bamburi akakaa kimya anaitazama, kwa karatasi ikaandikwa amechelewa kujibu. Hakuchelewa, alikuwa ajiuliza ni nini ile.

## Nywele, ushungi na vitu vya mwilini

Nimesuka rasta. Lazima nifumue?

Swali namba moja tangu nianze kazi hii. Kwa MRI kusuka peke yake si shida kama hakuna chuma ndani (tazama swali la wigi). Kwa EEG ndio kuna kazi, kwa sababu elektrodi lazima iguse ngozi na kofia zile zilitengenezwa kwa nywele nyembamba zilizolala. Nywele zetu zinaisukuma kofia juu, elektrodi yabaki yaelea, na kinachorekodiwa ni kelele tupu.

Nawaambia kisa kimoja kisha niendelee. Mwaka wangu wa kwanza alikuja msichana na mamake, katoka Bombolulu, kichwani rasta nyembamba mpya za saa sita. Mkubwa wangu akaniambia mwambie afumue ama arudi siku nyingine. Nikamwambia. Akanitazama akasema, "Dada, kwani wewe ndiye uliyenilipia msusi?" Akachukua mkoba wake akaondoka. Kwa daftari mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, nikaandika "amejitoa".

Sasa hivi njia ziko. Mwaka 2020 Arnelle Etienne, mwanafunzi wa Carnegie Mellon kule Pittsburgh, na wenzake walitoa vibanio vinavyoitwa Sevo, ambalo ni neno la Kikrioli cha Haiti maana yake ubongo. Wasukwa matuta yanayofuata mistari ya mahali elektrodi zinapokaa, njia kati ya tuta na tuta yabaki wazi, halafu kibanio kinajishika chini ya matuta na kuikandamiza elektrodi kwenye ngozi. Yaani nywele zilezile zilizokuwa zinaisukuma kofia ndizo zinazoishikilia elektrodi. Mimi nilipoisoma nilicheka peke yangu, maana msusi yeyote wa Kongowea angekwambia hilo kama angeulizwa.

Kama kituo hakina vibanio hivyo bado si lazima ufumue. Tunagawa njia kwa kitana chenye mkia, tunatia jeli kwa bomba lenye ncha butu mpaka kwenye ngozi, na tunatenga muda wa kutosha badala ya zile dakika kumi na tano za kwa kitabu. Uje umeosha nywele bila mafuta, ya nazi, ya mgando, yote, kwa sababu mafuta yanazuia umeme. Na kituo kikisisitiza ufumue basi kilipe msusi wa kufumua na wa kusuka tena, iwe kwa bajeti kabisa, si mtu atoe mfukoni kwa huruma.

Na dredi je?

Ngumu zaidi kuliko rasta kwa sababu hazigawiki popote unapotaka, lakini zinafanyika. Huwa tunatumia elektrodi chache, moja moja, badala ya kofia nzima. Kwa MRI toa pete, shanga za chuma na waya zote.

Wigi, nywele za kushonea, kope za kubandika?

Wigi inavuliwa, ina vibanio. Nywele za kushonea nyingine zina uzi wenye madini, kwa hivyo sema ukiwa bado nyumbani tukujulishe. Kope za sumaku zinatoka bila mjadala. Wanja na maskara pia futa, nyingine zina chembe za madini na zinaharibu picha kuzunguka macho.

Ushungi lazima niuvue?

Kwa MRI usivue kama ni kitambaa cha kawaida kisicho na nyuzi za kung'aa na umetoa pini zote, narudia zote, ile moja ya chini ya kidevu ndiyo watu husahau. Kituo kinachojua kazi kina shungi za pamba za kuvuta, hazina pini, wabadilisha chumbani halafu wakurudishia yako. Kwa EEG kichwa kitafunuliwa, kwa hivyo ulizia mapema mhudumu awe mwanamke na mlango ufungwe. Baada ya kofia kukaa ushungi waweza kurudi juu yake. Mahali wakikwambia hakuna mhudumu mwanamke, wasipangie wanawake siku hiyo, basi.

Hina na piko?

Havina shida kwa MRI. Shida ni chale za wino wa kudumu, wino mwingine una madini ya chuma na mara chache mtu husikia joto pale, basi sema ili waangalie.

Mtoto amevaa hirizi, na nyanyake hataki itolewe.

Ya ngozi na karatasi haivutwi na sumaku lakini hatujui ndani kuna nini, na nyingine zina kifuko cha bati au sindano. Haiingii chumba cha MRI. Tulichokubaliana na manyanya ni hivi: nyanya mwenyewe aitoe, aishike mkononi amekaa nje ya mlango, na airudishe yeye. Haijawahi kuleta vita. Iliyoleta vita ni siku kijana wa kazi alipoikata kwa mkasi.

Nasikia mashine ya mwanga haisomi vizuri ngozi nyeusi. Kweli?

Kuna ukweli. Rangi ya ngozi na nywele nyeusi vinakula mwanga kabla haujafika. Si mashine hii tu, hata kile kidude cha kubana kidoleni kupima oksijeni, mwaka 2020 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa kwa wagonjwa weusi kinakosa kuona upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Lakini haimaanishi haiwezekani. Gambia, kijiji cha Keneba, watafiti wamewafuata watoto kwa fNIRS tangu wachanga na data wakapata nzuri tu, kwa kupanga vijitaa vizuri na kuwa na subira. Kinachokera ni mtafiti kutupa rekodi "mbovu" bila kuandika za nani, mwisho wa siku waliotupwa wote ni wa rangi moja.

## Usalama, imani na maneno ya mtaani

Mashine yasoma mawazo?

La. MRI yaona damu ilipoongezeka, tena kwa kuchelewa sekunde kadhaa. Deni lako la dukani halionekani.

Ina mionzi? Na kama nina mimba?

Hizi tatu hazina mionzi ya X-ray, yenye mionzi ni CT, mashine nyingine ya hospitali. Mjamzito kwa utafiti wa MRI mara nyingi anaambiwa asubiri ajifungue, ni tahadhari tu.

Si ndio mumiani hawa?

Wallahi najua mwauliza kwa utani lakini wengine hawatanii, na siwalaumu. Marekani serikali iliwaacha wanaume weusi wa Tuskegee na kaswende bila tiba kuanzia 1932 mpaka 1972 ili kuangalia tu, kwa hivyo mwenye kushuku ana sababu. EEG, MRI na fNIRS zenyewe hazitoi damu. Utafiti mwingine unaweza kuomba damu au mate pembeni, na hilo lazima liwe limeandikwa kwa fomu na waweza kukataa. Ukisikia "damu kidogo tu" na haikuwa kwa fomu, simama uende zako.

Mtoto wangu hushikwa na degedege, wengine wasema ni nyuni, pepo wa watoto. Ajiunge?

Kwanza hospitali, utafiti baadaye. Utafiti si tiba. Lakini watoto kama huyo wako wanahitajika: Shirika la Afya Duniani lasema watu milioni 50 hivi wana kifafa na karibu asilimia 80 wako nchi kama zetu, huku picha nyingi zikitoka nchi nyingine. Kuhusu mganga mimi simzuii mtu, ila dawa za kifafa usimkatishe hata siku moja kwa sababu ya miadi yetu au ya mganga.

## Ruhusa, pesa na siri

Ntalipwa?

Nauli na fidia ya muda, si mshahara. Feri ya miguu ni bure lakini matatu na tuktuk si bure, na mwenye kibanda cha viazi karai akifunga nusu siku ile nusu siku ina bei. Pesa itolewe siku ileile, hata ukiacha katikati.

Sijui kusoma. Na mume wangu lazima akubali?

Unasomewa kwa lugha yako mbele ya shahidi unayemwamini wewe, kisha waweka dole gumba. Mtu mzima anajitolea ruhusa mwenyewe, mume hahitajiki kisheria. Ukitaka kumuuliza muulize, na mtafiti akupe siku mbili tatu, asikushikie kalamu. Aliye chini ya miaka 18 mzazi anatia sahihi na mtoto naye anaulizwa, akisema sitaki ni sitaki.

Picha yangu inakwenda wapi?

Kenya tuna sheria ya ulinzi wa data ya 2019 na taarifa za afya ni nyeti chini yake. Jina lako laondolewa lakini hilo halitoshi, kwa sababu kutoka kwa MRI ya kichwa waweza kujenga sura ya mtu. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani walijaribu programu ya kutambua nyuso kwa picha za namna hiyo ikapata asilimia 83 ya watu. Kwa hivyo uliza swali hili neno kwa neno: uso wangu mtaufuta kabla ya kutuma nje? Na jingine: kuna Mkenya kwa timu anayeichambua hii data, au sisi ni wa kuvaa kofia tu?

Wakikuta uvimbe je?

Waulize kabla ya kulala kwa mashine, si baada. Nani ataitazama picha, atanipigia nani, na nikipelekwa kwa daktari nani analipa ile mara ya kwanza. Utafiti usiokuwa na jibu la hayo mimi simpeleki mtu.

## Kesi za pembeni

Natumia mkono wa kushoto, nilirudishwa.

Wenye kushoto ni kama mmoja kwa kumi na watafiti wengi huwaacha kwa sababu lugha kwao mara nyingine inakaa upande tofauti kwa ubongo, inawachafulia hesabu. Uvivu, kwa maoni yangu. Huku kwetu kuna la ziada: wengi walichapwa wakiwa wadogo wale na waandike kwa kulia, sasa ukimuuliza waandika mkono gani atasema kulia. Muulize arusha jiwe kwa mkono gani.

Natafuna muguka, mtanishtaki?

Sisi si kaunti. Marufuku ya muguka ya Mei 2024 na kesi zake haituhusu. Tuambie umetafuna lini, kwa sababu muguka na miraa vinapandisha mapigo na presha, na MRI ya kuangalia kazi za ubongo inategemea damu. Ni vilevile na kahawa tungu ya usiku, inapunguza damu ya ubongoni. Wanaoficha ndio wanaoharibu, na wanaficha kwa sababu wanaogopa kurudishwa.

Ramadhani naweza kuja?

Waweza, ila ukavu wa mwili na usingizi wa vipande vinaonekana kwa picha. Afadhali baada ya Idi, au usiku baada ya tarawehe kama kituo kinafungua. Wasikupange saa kumi jioni kama hawakujui.

Nina chuma mguuni. Mimi ni kiziwi. Naogopa kujifungia.

Chuma kinategemea aina, leta karatasi ya upasuaji. Kifaa cha sikio cha kupandikizwa ndani hakiingii MRI bila daktari kuthibitisha, lakini EEG waweza kufanya. Kiziwi aingie na ishara walizopatana kabla, kwa sababu mle ndani mkalimani haonekani mpaka kuwe na kioo. Woga wa kujifungia ni wa kweli, omba ulale kwa meza kwanza bila kuanza.

Huku MRI ni chache na za wagonjwa. Tutafanyaje?

Kweli, na mgonjwa wa ajali ana haki kabla ya utafiti wangu. Kuna mashine mpya ndogo ya magurudumu, nguvu ya sumaku yake (hupimwa kwa tesla) ni tesla 0.064 ukilinganisha na 1.5 au 3 ya zile kubwa, yachomekwa kwa soketi ya kawaida na haihitaji heliamu ya kupoza sumaku. Marekani iliruhusiwa 2020. Picha yake haina ukali ule, lakini yaweza kumfuata mtoto kijijini. Tahadhari yangu ni moja, isije ikawa sisi ndio wa mashine hafifu milele na wenzetu wakabaki na kali.

Niliwahi kurudishwa. Jina langu bado liko?

Pengine liko, na pengine mbele yake pameandikwa "amejitoa". Ile sheria ya 2019 inakupa haki ya kuona taarifa zako na kurekebishiwa zilizo za uongo au za kupotosha. Piga simu, waambie waandike ilivyokuwa: nilikuja, kofia haikunitosha.